Sanduku Lililobeba Televizio

Nyumbani mwako televizio inakaa juu ya nini? Pengine juu ya meza ndogo ya seremala wa kartie. Pengine juu ya sanduku la nkambo, lililofunikwa kitambaa. Mara nyingi hakuna mutu anayeuliza lile sanduku lilitoka wapi. Liko pale tu, linabeba.

Kulikuwa injenia mumoja, Mufaransa, aliyefanya kazi katika kampuni ya petroli. Mwaka 1970 alikuwa akikaa London. Huko alinunua sanduku la zamani kutoka kwa mwenye nyumba wake, kwa paundi 100 za Uingereza. Akalitia katika salo, akaweka televizio juu yake. Alipomaliza kazi na kupata pansio, alirudi kwao Ufaransa, upande wa muto Loire, na sanduku akalibeba. Huko lilipata kazi mupya: kutunza chupa za vinywaji.

Injenia alipokufa, jamaa yake waliita watu wa munada waje kuangalia vitu vya nyumba. Wale walipofika mbele ya sanduku, walisimama. Kumbe televizio ilikaa miaka mingi juu ya kitu ambacho musee kubwa ya London ilikuwa ikikitafuta bila kukiona! Mwezi wa 6 mwaka 2013 sanduku lilitiwa katika munada. Rijksmuseum, musee kubwa ya Amsterdam katika Uholanzi, ikalinunua kwa euro milioni 7,3.

Wamoja kati yenu watasema: “Ee, bahati!” Lakini hatuandike haya juu ya bahati. Tunataka kuuliza swali lingine. Kwa nini lile sanduku lilifika mwaka 2013 likiwa zima, na masanduku mengine ya namna yake yalikatwa vipande? Na kitu kama kile kikipasuka, kinatengenezwa namna gani? Ni swali la mafundi, lakini ni swali la kila nyumba vilevile.

LILITOKA WAPI?

Sanduku lile lilitengenezwa katika muji wa Kyoto, kule Japani, karibu na mwaka 1640. Wakati ule wafanyabiashara wa Uholanzi walikuwa wakinunua vitu vya Japani na kuvipeleka Ulaya kwa mashua. Sanduku lilikuwa na ndugu yake mudogo, aliyetoka mikononi mwa mafundi wale wale. Yule mudogo anaitwa leo Sanduku la Mazarin, kwa sababu yalikuwa mali ya jamaa ya Kardinali Mazarin, aliyekuwa waziri mukubwa wa Ufaransa.

Miaka ikapita, yakahamia Uingereza, kwa matajiri wa kule. Mwaka 1882 yaliuzwa katika munada. Lile dogo lilinunuliwa na musee ya London inayoitwa leo Victoria and Albert Museum. Lile kubwa lilipita mikono mbalimbali, mpaka likafika kwa Sir Clifford Cory, tajiri wa Wales aliyekuwa na mashimo ya makaa ya mawe. Cory alikufa mwaka 1941, wakati wa vita. Tangu siku ile, habari ya sanduku ikapotea.

Sisi watu wa miji ya mashimo tunaelewa jambo hili. Feza ya shimo inaweza kununua kitu kizuri, lakini haiwezi kusema mahali pa mwenyewe. Tajiri alikufa, na hakuna aliyebaki nyuma kueleza: “Hiki ni nini, kilitoka wapi.” Miaka karibu 30 baadaye, ile hazina iliuzwa kwa paundi 100.

LAKA NI NINI?

Ukiangalia sanduku kama lile, utaona weusi unaong'aa sawa maji ya kisima usiku, na juu yake nyumba, miti, milima na watu wa zahabu. Ule weusi si rangi ya duka. Ni laka. Wajapani wanaiita urushi.

Urushi inatoka ndani ya muti. Fundi anakata ganda la muti kidogo kidogo, sawa vile muti wa kauchu unavyokatwa, na maji mazito yanatoka. Kazi inaanza mwezi wa 6 na kuendelea mpaka wakati wa baridi unapokaribia. Muti unapaswa kukomaa kwanza, miaka 10 mpaka 15. Na kisha miaka yote ile, muti mumoja unatoa gramu 200 tu, ni kusema kikombe kimoja. Kisha muti unakatwa, na machipuko mapya yanaota katika shina.

Ile maji ni kali. Ikigusa ngozi, mutu anavimba na kujikuna siku nyingi. Lakini ikikauka vizuri, ukali unakwisha kabisa, na watu wanakula chakula ndani ya bakuli ya laka bila hatari.

Sasa sikilizeni ajabu moja. Nguo zetu zinakauka upesi wakati wa kiangazi, na wakati wa mvua zinakataa. Laka inafanya kinyume! Inataka hewa yenye majimaji mengi, 70 mpaka 85 kwa mia, na joto la digri 20 mpaka 30. Ukiiweka katika hewa kavu, inabaki laini. Njo maana mafundi wanatia vitu vyao ndani ya kabati ya mbao iliyolowanishwa maji, wanaifunga, na wanangojea.

Kila tabaka ni nyembamba sana. Fundi anapaka, anangojea ikauke, anasugua kwa makaa laini, anapaka tena. Muji unaosifiwa sana kwa kazi hii ni Wajima, katika rasi ya Noto. Pale hatua zinapita 100 kwa bakuli moja, na mutu mumoja hazifanyi zote. Kuna mwenye kuchonga mbao, mwenye kupaka tabaka za chini, mwenye kusugua, mwenye kupaka tabaka ya mwisho, mwenye kutia zahabu. Katika sehemu zaifu za bakuli wanabandika kitambaa, na katika tabaka za chini wanachanganya unga wa udongo wa pale pale. Njo ile nguvu isiyoonekana.

Kanisa pia lilipita katika njia hii. Mwisho wa karne ya 16, mafundi wa Kyoto waliwatengenezea wamisionere viti vidogo vya kuwekea kitabu cha Misa, vyenye herufi IHS kwa zahabu na magamba ya konokono ya bahari. Mwaka 1614 wakubwa wa Japani walikataza imani ya Kikristo katika inchi yote. Vile vilivyookoka mpaka leo, vingi vyao ni vile vilivyokuwa vimekwisha kupelekwa Ulaya.

ADUI WATATU

Laka inaweza kupita miaka mia nne, lakini iko na adui.

Adui wa kwanza ni jua. Mwangaza unakula laka pole pole. Weusi unageuka kuwa kahawia, kung'aa kunakwisha, na nyufa ndogo ndogo zinajaa juu yake, hata macho hayazioni. Kisha pale, hata tone la maji linaacha alama.

Adui wa pili ni hewa kavu. Ndani ya laka kuna mbao, na mbao zinapumua. Zikikauka, zinasinyaa, lakini laka haizifuate. Basi inapasuka, inainuka sawa ganda la rangi juu ya mulango wa zamani, na kuanguka.

Adui wa tatu ni mutu mwenye haraka. Anaona kitu kimefifia, anakimbia kununua chupa ya verni, anapaka. Siku ile kinang'aa, na kila mutu anasifu. Kisha miaka, verni inageuka kuwa njano, inafunika kazi ya zahabu, na kuitoa bila kuumiza laka ya chini ni mateso.

Njo hivi ilivyokuwa kwa Sanduku la Mazarin, lile dogo la London. Mwangaza ulikuwa umelipausha, mbao zilikuwa zimevutika, laka ilikuwa na nyufa, na watu wa zamani walikuwa wamelipaka verni ya Ulaya iliyogeuka njano.

MEZA MOJA, MAFUNDI WAWILI

Mwaka 2004 musee ya London ilianza kazi ya kuliokoa, na kazi ile ilichukua miaka 4. Fundi wa Japani, Yoshihiko Yamashita, alifanya kazi pamoja na Shayne Rivers, mutunzaji wa vitu vya zamani pale musee.

Ugumu haukuwa wa mikono tu. Ulikuwa wa mawazo. Kule Japani fundi anasema: “Kitu hiki ni cha urushi, basi kitengenezwe kwa urushi. Njo damu yake.” Kule Ulaya mutunzaji anasema: “Tutumie kitu ambacho mutu wa kesho anaweza kukitoa, akipata njia bora.” Wote wawili wako na haki. Urushi inashika vizuri na inafanana na kazi ya mwanzo, lakini ikikauka haitoki tena. Kole ya Ulaya inaweza kutoka, lakini haina ule ukoo na kitu chenyewe. Basi walipaswa kukaa pamoja, kupima kila jambo, na kupatanisha njia hizo mbili juu ya sanduku moja.

Tunawaonyesha kwa ufupi namna fundi wa Japani anavyotengeneza laka iliyoinuka.

Kwanza anaangalia. Anapiga picha, anaandika kila ufa. Siku nyingi zinapita bila yeye kupaka kitu.

Pili anasafisha vumbi kwa burashi laini.

Tatu anaingiza kole chini ya laka iliyoinuka. Inaweza kuwa kole ya ngozi ya nyama, ao urushi iliyochanganywa na unga wa ngano. Anapangusa ile inayomwagika nje.

Ine anakandamiza. Hapa kuna werevu wa kushangaza. Anasimamisha fremu ya mbao kuzunguka kitu. Kati ya fremu na pahali palipoinuka anapinda vijiti vyembamba vya mianzi. Kijiti kinataka kunyoka, basi kinasukuma chini, pole pole, mahali pamoja tu. Utaona vijiti makumi vimesimama sawa majani ya pori, na kila kimoja kinashika kipande kidogo kama ukucha.

Tano anajaza mashimo. Shimo kubwa linajazwa kwa urushi yenye unga wa mbao. Shimo dogo kwa urushi yenye unga wa udongo laini. Inakauka, anasugua, anarudilia.

Sita, kama ni lazima, anapaka tabaka ya juu, na anarudishia zahabu kwa kunyunyiza unga wake juu ya urushi ambayo haijakauka. Lakini katika kitu cha musee mara nyingi anaacha hatua hii. Kazi yake ni kuzuia ubaya usiendelee, si kufanya muzee aonekane kijana.

KAZI MUPYA KWA KITU CHA ZAMANI

Sasa turudi kwa injenia wetu. Je, alikosa kuweka televizio juu ya sanduku la miaka zaidi ya 300? Kwa kweli, si mahali pake. Lakini angalieni: hakulikata, hakulipaka, hakutoboa matundu. Alilipa kazi, na alilitunza zima.

Huko Paris katika karne ya 18 watu walifanya vingine. Matajiri walitaka komode zenye tumbo la mviringo, zenye laka ya Japani mbele. Basi wafanyabiashara walinunua kabati za Japani, wakawapa mafundi. Fundi alipasua mulango wa kabati, akapunguza mbao kwa nyuma mpaka ikabaki nyembamba sana, akaipinda, akaibandika juu ya komode. Pahali ambapo laka ilipasuka ao haikutosha, walifunika kwa shaba iliyopakwa zahabu na kwa verni ya Paris iliyoigiza laka. Komode moja kama ile, ya fundi Bernard van Risenburgh, ilipelekwa mwaka 1737 kwa Malkia Marie Leszczynska, na leo iko katika musee ya Louvre.

Ni nzuri? Ndiyo, ni nzuri sana, na yule fundi alikuwa hodari. Lakini kwa kuzaa kitu kimoja waliua kingine, na kile kilichokufa hakirudi.

Wajapani wenyewe wako na desturi ya kukipa kitu kazi ingine, na wanaiita mitate. Ni kuangalia kitu cha kazi moja na kuona ndani yake kazi ya pili. Sen no Rikyu, mwalimu mukubwa wa desturi ya chai katika karne ya 16, alichukua kikapu cha muvuvi wa samaki, akatia maua ndani yake. Kikapu kilibaki kikapu. Hakuna kilichokatwa. Jicho la mutu njo lilibadilika.

Hata kwa laka ya nyumbani inafanyika hivi. Sanduku lililopoteza kifuniko linakuwa sinia ya barua. Bakuli iliyovunjika mudomo, na ambayo haifai tena kwa supu, inatunza sindano na nyuzi, ikiwa na kitambaa laini ndani. Bakuli iliyochakaa tu inarudishwa kwa fundi, anaisugua, anaipaka urushi mupya, na inarudi mezani kwa wajukuu.

KWA NINI INATUHUSU?

Mutu wa Likasi ao Kolwezi anaweza kusema: “Hii ni mambo ya Japani, sisi hatuna laka.” Ni kweli, ijapo wazee wa Musoshi wanakumbuka Wajapani waliokuja kuchimba shaba katika miaka ya 1970. Lakini angalia ndani ya nyumba. Kiti cha kuchongwa cha nkambo, weusi wake ukitoka katika mikono ya watu wa vizazi vitatu. Kesho kijana mumoja mwenye moyo muzuri anakuja na papye-vere, anasugua mpaka mbao inakuwa nyeupe, kisha anapaka verni. Anasema: “Angalieni, nimekitengeneza!” Kumbe amefuta ile mikono yote.

Wazazi na vijana, basi tushike mambo haya:

1. Mbele ya kutengeneza, uliza: kitu hiki kimefanywa kwa nini? Kole na verni za soko hazifai kwa kila kitu.

2. Kipande kikianguka, usikitupe. Kitie katika bahasha, andika juu yake kilitoka wapi. Fundi atakishukuru.

3. Weka kitu cha zamani mbali na jua la dirisha na mbali na moto. Pangusa vumbi kwa kitambaa laini na kikavu, bila kukandamiza. Laka iliyopasuka usiioshe kwa maji.

4. Bakuli iliyobandikwa kwa kole usiyoijua, usilie chakula ndani yake.

5. Ukikipa kitu kazi mupya, chagua kazi isiyohitaji kukata wala kutoboa.

6. Andika habari yake: nani alikinunua, wapi, mwaka gani. Karatasi moja ndani ya lile sanduku la Cory ingetosha.

Kwa ninyi vijana munaotafuta kazi ya kujifunza, kuna jambo lingine. Leo Japani inanunua sehemu kubwa ya urushi yake kutoka China. Mwaka 2015 serikali yao iliagiza kwamba nyumba za zamani zenye sifa, mahekalu na mengine, zitengenezwe kwa urushi ya Japani yenyewe. Mara moja wakaona kwamba miti haitoshi na wenye kujua kuikata ni wachache. Muti unataka miaka 15, na fundi naye anataka miaka yake. Tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 2024, tetemeko la inchi la nguvu 7,6 lilipiga rasi ya Noto. Kule Wajima moto ulikula mtaa wa soko la asubuhi, na mafundi wengi walipoteza nyumba na mahali pa kazi. Vyombo vinaweza kununuliwa tena. Lakini fundi akikufa ao akihama bila kufundisha mutu, hakuna munada utakaomurudisha.

Basi kijana, kama karibu nawe kuna muzee anayejua kuchonga, kufua, kushona viatu ao kutengeneza gitare, usingojee. Kwenda ukae karibu naye wakati mikono yake ingali na nguvu.

KWA KUZUNGUMZA NYUMBANI

– Ni kitu gani cha zamani kilicho nyumbani mwetu? Nani anajua habari yake?

– Tuliwahi kuharibu kitu kwa kutaka kukitengeneza upesi? Ilikuwa namna gani?

– Ni fundi gani wa kartie yetu ambaye hana mwanafunzi?

Na usiku wa leo, mbele ya kuwasha televizio, inueni kile kitambaa kidogo. Muangalie chini yake kuna nini.